Inchi Iliyogeuka Shibiri

Mtaani walimwita Ndimi Mbili, na kwa miaka mingi alilivaa jina hilo kama koti la sikukuu. Walimaanisha Kiingereza na Kireno. Lugha ya nyumbani hawakuihesabu, maana nani amewahi kusifiwa kwa kujua njia ya kwenda chooni kwake? Mkewe peke yake ndiye aliyelicheka. "Jina hilo lina mwiba," alimwambia. "Mtu wa ndimi mbili tunamjua, na kazi yake si ukalimani." Yeye akamjibu kwamba wanawake hawachoki kutafuta chawa kwenye kipara.

Meza yake ilikuwa kwenye kona ya duka la madaftari, katikati ya mashine ya kurudufu na dirisha lisilofunguka. Mafundi wengi wa mji ule walikuwa wametokea upande wa pili wa mpaka, na Kireno ndicho walichosomea. Lakini vitu walivyouziwa vilikuja vimeandikwa Kiingereza: makopo ya rangi, dawa za kuua wadudu, mashine za kushona. Basi walimpelekea yeye. Watu hudhani kigumu katika kutafsiri ni mashairi. Wapi! Kigumu ni futi, ratili na wakia. Futi ina nafuu, kwa Kireno inaitwa mguu tu, kama ilivyo kwa Mwingereza mwenyewe. Wakia ndiyo balaa, kwa sababu neno lake la Kireno ni hilohilo jina la mnyama mkali wa ukoo wa chui. Alipokuwa mgeni katika kazi alimtafsiria mwokaji mmoja maelezo ya keki, siagi wakia nane. Asubuhi mwokaji akaja na unga wake kwenye nyusi, kuuliza kama hao wanyama wanane wanakamuliwa au wanachinjwa.

Siku hiyo mkalimani alicheka mpaka machozi. Kucheka makosa ya wengine kulikuwa kwepesi kwake.

Kilichompa sifa hasa kilikuwa misemo. Alikuwa na kanuni yake mwenyewe, na aliitangaza kwa yeyote aliyekaa karibu na meza yake kwa muda wa kutosha: kipimo kikiwa kwenye tepu, kifuate tepu, kikiwa kwenye msemo, kifuate moyo. Chukua inchi. Inchi ya kupimia ubao ni polegada, neno linalotokana na dole gumba. Lakini Mwingereza akisema harudi nyuma hata inchi, Mreno hajui habari za dole gumba hapo. Yeye husema harudi nyuma hata palmo, yaani shibiri, kiganja kilichofunguliwa kutoka dole gumba mpaka kidole cha mwisho. Mwingereza akifa hufukiwa futi sita, Mreno shibiri saba. "Piga hesabu uone," mkalimani alipenda kusema, "Mreno yuko karibu zaidi na jua." Wasikilizaji walicheka, naye alifuta miwani yake kwa raha.

Alikuwa na jambo moja tu la kujivunia kupita hayo, nalo lilikuwa kwamba haulizi mara mbili. Mkalimani anayeuliza "umesemaje?" alimwona sawa na kinyozi anayeuliza kichwa kiko wapi.

Ndipo alipopata kazi kwenye jengo jipya la zahanati, upande wa wanawake. Msimamizi wa jengo alikuwa mtu wa Kiingereza kitupu, mrefu, mwenye haraka. Vibarua walimwita Pimamaji kwa sababu kile kifaa cha kupimia ulalo hakikumtoka mkononi. Walisema hata chakula hali mpaka alaze kwanza kifaa hicho juu ya meza. Seremala mkuu alikuwa mtu wa Kireno kitupu, au karibu kitupu, kwani kwa lugha yetu alijua salamu, bei ya misumari na matusi mawili. Huyu walimwita Randa, kwa kuwa hakuna ubao uliotoka mikononi mwake ukiwa na kibanzi. Kati ya Pimamaji na Randa ndipo aliposimama Ndimi Mbili, na bila yeye wale wawili wangebaki kutazamana kama mbuzi wawili kwenye ubao mmoja.

Randa alikuwa mtu mpole. Jumapili moja alipita nyumbani kwa mkalimani, akaona dirisha linaning'inia kwa bawaba moja, akalitengeneza kabla hata chai haijachemka. Tangu siku hiyo mke wa mkalimani alimwita shemeji, na yeye akalishika neno hilo kama lake. "Shemeji, salama?" alikuwa akisema kutoka mlangoni, na hapo Kiswahili chake kilikuwa kimekwisha.

Asubuhi ya mkosi wenyewe, Pimamaji alikuja amekasirika. Wenye jengo walikuwa wamembana juu ya ucheleweshaji, na mtu aliyebanwa naye hutafuta wa kumbana. Akawakusanya maseremala, akawahutubia. Alisema hatarudi nyuma hata inchi. Alisema anaijua kila inchi ya jengo hilo. Alisema ukiwapa watu inchi wanachukua maili. Na mkalimani, akiwa amesimama kando yake, mikono nyuma, kila inchi aliigeuza palmo, na kila palmo ilitua vizuri kuliko iliyotangulia. Maseremala walikuwa wamekuja na sura za kugombezwa, lakini Kireno kile kilikuwa kitamu mno. Mmoja alipiga makofi. Mkalimani akasikia joto kifuani.

Hotuba ikaisha. Pimamaji akageukia milango, ambayo ilikuwa imeegemezwa ukutani ikisubiri kufungwa, akaigonga kwa kidole cha kati. Akasema kwa mkato kwamba ikatwe inchi moja chini, ipishe marumaru. Akaondoka huku akizungumza na simu.

Ulimi ulikuwa umeshapata moto. Mkalimani akamgeukia Randa, akasema: palmo moja.

Randa akaacha kufuta msumeno. "Palmo?" akauliza, na akafungua kiganja chake mbele ya mkalimani, vidole vyote vitano, vikiwa na unga wa mbao kwenye mikunjo. "Palmo nzima hii?"

Hapa ndipo watu wanaponiudhi, wale wanaosema mwenzetu aliteleza tu. Kuteleza ni kule kwa kwanza. Alipokiona kile kiganja, akajua. Hakujua kama mtu anavyojua jina lake, lakini alijua kama mtu anavyojua kwamba ameacha jiko linawaka. Pimamaji alikuwa bado yuko uani, mgongo wake unaonekana. Ilikuwa kutembea tu, kumgusa bega na kumuuliza. Lakini maseremala, waliokwisha kurudi kwenye mbao zao, walikuwa wanatazama, wale wale waliopiga makofi, na yeye haulizi mara mbili.

"Ndiyo," akasema. "Wanataka hewa ipite. Ni zahanati, ndugu yangu, si kabati la nguo."

Randa akaitikia kwa kichwa, kwa sababu jambo hilo lilikuwa na akili ndani yake. Akachukua penseli kutoka sikioni. Mkalimani akajiambia atamuuliza Pimamaji mchana, kimyakimya, lakini mchana mwenye duka akamwita kwenye makopo ya rangi, na kwenye makopo kulikuwa na galoni, na galoni zikamlia siku nzima.

Kesho yake milango yote ya upande wa wanawake ilikuwa imekatwa na kufungwa. Randa na wenzake walikuwa wamefanya kazi ya kusifika. Bawaba zililia mlio mmoja, vitasa viliingia bila kulazimishwa, na chini ya kila mlango palikuwa na pengo la shibiri. Mfagiaji alikuwa ndani ya chumba cha kupimia wajawazito, na kutoka ukumbini wote walimwona miguu yake, ndala zake, hata kidonda chake cha kisigino. Vibarua wakaanza.

"Hiyo si milango," mmoja akasema. "Hizo ni sketi fupi."

"Mke wangu akija hapa nitamnunulia soksi," akasema mwingine.

Pimamaji alikuja, akapiga goti moja, akachungulia chini ya mlango wa kwanza. Kisha akainuka taratibu. Kwa kuwa hakupiga kelele, wote wakanyamaza. Akamwita Randa. Akamwita na mkalimani.

"Muulize," akasema kwa Kiingereza chake, "nani alimwambia akate hivi."

Mkalimani akamuuliza. Mpaka hapo alitafsiri vizuri.

Randa hakusita, wala hakuwa na hasira. "Si wewe uliyeniambia?" akasema. "Na mimi nikakuuliza tena, nikakufungulia mkono. Mwambie. Akijua ataelewa."

Sasa fikiria ukumbi ule. Upande mmoja kuna mtu asiyejua neno lililosemwa. Upande wa pili kuna mtu asiyejua neno litakalosemwa. Katikati kuna mdomo mmoja, na mdomo huo una mke, una meza dukani, una jina mtaani. Hakuna duniani aliyeweza kumkamata. Mkalimani akamgeukia Pimamaji, akasema kwa Kiingereza safi:

"Anasema alisikia vibaya."

Pimamaji akashusha pumzi. Alisema afadhali mtu anayekiri. Alisema hatamwandikia vibaya popote, lakini kazi basi: amalizie wiki, achukue vifaa vyake, aende salama. Mkalimani akamwambia Randa habari ya kuondoka. Halafu, bila kuombwa na mtu, akaongeza: "Nimejaribu kukuombea."

"Ulimwambia kwamba nilikufungulia mkono?"

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, ila hawakusema ina mteremko kiasi gani. "Nimemwambia," akajibu. "Lakini ndugu yangu, nisikilize. Mimi nilisema polegada. Msumeno wa umeme ulikuwa unalia kule nyuma. Wewe ukasikia palmo."

"Na mkono?"

"Nilidhani unaniaga."

"Na hewa je?"

"Hata polegada hupitisha hewa."

Randa alitazama kiganja chake, juu na chini, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoazimisha na hana hakika kama ni chake. Polegada, palmo: yote mawili huanza kwa midomo kufumbwa, na msumeno ni kweli hulia. "Kumbe ni mimi," akasema mwishowe. Akaomba radhi. Alimwomba radhi mkalimani, kwa kumsumbua.

Mkalimani alirudi dukani akitembea upande wa kivuli ingawa hakukuwa na jua. Aibu ina tabia mbaya: haikushiki pale unapofanya jambo, inakusubiri nyumbani. Aliona aibu alipoulizwa habari za kazi. Aliona aibu alipofungua dirisha, lile la Randa, likafunguka bila mlio. Mkewe akamuuliza kama anaumwa, akasema tumbo.

Jioni ya kuamkia siku yake ya mwisho Randa alikuja nyumbani kwa mkalimani, kweupe bado, amebeba kitu kwapani. Kilikuwa kigoda. Alikuwa amekiunda kwa vile vipande vilivyokatwa kwenye milango, akaviunganisha bila msumari hata mmoja, akavipiga randa mpaka vikawa laini kama shavu. Akakiweka mbele ya mkalimani.

"Shemeji, salama?" akamwambia mke. Kisha akamgeukia mume na kuendelea kwa Kireno. Alisema kigoda ni shukrani, kwa kuwa alimwombea kwa yule mkubwa. Alisema mbao nzuri ni dhambi kuzichoma. Halafu akasema alikuwa na ombi. Hapendi kuondoka mahali kama mwizi. Kesho anataka kumwomba Pimamaji radhi kwa mdomo wake mwenyewe, kwa Kiingereza, ili yule bwana ajue inatoka moyoni. Je, mkalimani angemfundisha? Ni sentensi moja tu: kosa lilikuwa langu, nilisikia vibaya.

Mke alikuwa anamtazama mumewe, si mgeni. "Shemeji anataka nini?"

"Anataka kujifunza kuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa ile milango."

"Kwani kosa lilikuwa lake?"

Mkalimani akakosa lugha. Alikuwa nazo tatu, na hakuna hata moja iliyomjia. Mke akachukua kikombe cha mgeni akakijaza, ingawa hakikuwa kimepungua. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," akasema, sauti ya chini. "Lakini aliyejikwaa huinuka, baba watoto. Wewe naona umelala hapohapo, unajifunika."

Akatoka nje, akawaacha.

Wakakaa wawili, mwalimu kwenye kiti, mwanafunzi kwenye kigoda chake mwenyewe. Mkalimani alifungua mdomo kumwambia ukweli kwa Kireno. Maneno yalikuwepo yote, yamejipanga. Akayatazama yale macho ya mtu aliyekuja kushukuru, akashindwa. Nasema wazi, alishindwa, na alijidharau hapohapo. Ndipo akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui niliite ushujaa wa mwoga au woga uliovaa viatu vya ushujaa. Akamfundisha Kiingereza, neno kwa neno, akimrudisha alipokosea, akimwonyesha mahali pa kuweka ulimi. Lakini sentensi haikuwa ile aliyoombwa. Ilisema hivi: aliyesema shibiri ni huyu mkalimani, mimi nilisikia sawasawa.

Randa aliirudia mpaka ikakaa. Aliondoka akiimumunya njiani, akiwa na furaha ya mtoto aliyepewa shairi la kusoma mbele ya darasa.

Asubuhi maseremala walikuwepo, vibarua walikuwepo, na vifaa vya Randa vilikuwa vimefungwa kwenye gunia karibu na mlango. Mkalimani alikuwa amefika kabla ya wote. Hakuwa amelala, na shati lake alikuwa amefunga vifungo kombo. Pimamaji akaja na pimamaji yake. Randa akapiga hatua mbele, akavua kofia, akaweka mkono kifuani. Akasema maneno yake moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na hakuanguka popote. Alipofika ng'ambo akatabasamu.

Pimamaji hakutabasamu. Alimtazama Randa, akamtazama mkalimani, akamtazama Randa tena.

"Anajua anachosema?" akauliza.

"Hajui," akasema mkalimani.

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Hata mara ile ya kwanza hakusema alisikia vibaya. Nilimsemea mimi."

Pimamaji akakilaza kile kifaa chake juu ya dirisha, bila sababu, akakitazama kama kimekaa sawa. "Mwambie," akasema. "Mwambie yote. Halafu mwambie afungue gunia lake, anabaki."

Randa alikuwa anasubiri, kofia mkononi. "Amesemaje?" akauliza. "Amenisamehe?"

Basi mkalimani akamwambia, kwa Kireno kisicho na utamu wowote, mbele ya wale wale waliompigia makofi. Alimwambia habari ya ulimi uliopata moto, habari ya mgongo wa Pimamaji uani, habari ya msumeno ambao haukulia. Alimwambia na ile sentensi ya jana ilikuwa na maana gani, na kwamba Pimamaji amesema abaki. Alipomaliza alitaka kutazama chini, lakini chini kulikuwa na mapengo ya milango, kwa hiyo hakuwa na pa kuweka macho.

Tabasamu la Randa lilichukua muda kuondoka, maana lilikuwa halijaambiwa. Kisha akainua mkono wake wa kulia. Mkalimani alidhani anapigwa, na angeshukuru. Lakini Randa alifungua kiganja tu, vidole vitano, mbele ya pua yake.

"Hii ni nini?"

"Palmo."

Akakunja vidole, akabakisha dole gumba. "Na hii?"

"Polegada," akasema mkalimani, kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza. Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamazishwa.

Randa akavaa kofia. Aliposema tena hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma mwenzake. "Kosa lako ulinipa nilibebe," akasema. "Nikalibeba, sikujua. Na kulikiri nako umenipa mimi? Ningekusamehe jana, kwenye kile kigoda. Ulikuwa na mdomo, na mimi nilikuwa nimekaa hapo."

Akaliendea gunia lake, akainama, akaanza kulifungua kamba.

"Anasema nini?" Pimamaji akauliza.

Mkalimani angeweza kusema lolote. Akamgeukia, akatafsiri yote, neno kwa neno, mpaka pale kwenye kigoda.